Naombeni ushauri: baka la kuzaliwa limeitwa kipigo

Habari zenu ndugu. Niko Minnesota, Marekani. Mwanangu wa miezi 14 ana baka la bluu kiunoni tangu azaliwe, upana kama kiganja changu, jambo la kawaida kwa watoto wetu weusi. Juzi mlezi wa kituo cha kulelea watoto akimbadilisha nepi akadhani amepigwa, akawapigia simu watu wa ustawi wa watoto. Kesho kutwa wanakuja nyumbani. Naogopa jamani, huku Marekani watoto weusi 53 kati ya 100 huchunguzwa na watu hao kabla hawajatimiza miaka 18, kwa watoto wote ni 37.

Kuna sheria ya jimbo ya 2024 ya kulinda familia za weusi. Je, sisi wahamiaji inatuhusu? Picha zake za wiki ya kwanza ninazo, baka linaonekana. Niwaonyeshe, au nitafute wakili kwanza? Baba yake anasema tusifungue mlango.