Uliyepita na kwodi juu ya kiota cha kasa Jumapili, uzi huu ni wako

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nina hasira na sitazificha, maana tumeficha vya kutosha.

Jumapili saa kumi na moja jioni nilikuwa ufuo wa Bamburi na mamangu. Magoti yamemchakaa, lami haiwezi tena, na daktari kamwambia asiache kutembea. Kwa hiyo mchanga ndio barabara yake. Tunakwenda polepole, yeye akihesabu mivinje mpaka wa kumi, kisha tunageuka.

Nyuma yetu zikaja kwodi tatu, zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa kwa dakika. Ya mbele kaishika mtoto ambaye sidhani ametimiza miaka kumi na miwili, peke yake, bila kofia, na kijana aliyemkodishia yuko mbali nyuma anakimbia kwa miguu akipiga kelele, "Breki! Shika breki!" Nilimvuta mama kwa mkono wote. Akaanguka juu ya mizizi ya mvinje. Kiganja kimechubuka, goti limevimba hata leo hawezi kuswali ila kwa kiti. Yule mtoto simlaumu. Hakujua kusimamisha kile chombo, na walioujua ujinga wake ndio waliomkabidhi ufunguo.

Ninayemtaka ni wa pili. Mtu mzima, ndevu zake usoni, mwanamke kampakia nyuma anachukua video. Mbele yake palikuwa na vijiti vinne na kamba nyekundu, na kitambaa cheupe kimefungwa ili hata asiyejua kusoma ajue hapa pana jambo. Aliviona, kwa sababu alipunguza mwendo. Halafu akaongeza moto, akapita katikati, na kijiti kimoja kikaruka mpaka majini. Mwanamke akashangilia.

Ndugu, pale chini pana mayai ya kasa. Jirani zangu wawili na mimi tumekuwa tukipalinda kwa zamu tangu usiku ule mama kasa alipopanda, akachimba, akafukia, akarudi baharini. Kasa mmoja hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo, na huyaficha kina cha nusu mita hivi, kwa hiyo usiniambie "mbona sikuona yai". Yako chini, huyaoni. Tairi hazihitaji kuyafikia ndipo ziyadhuru. Mchanga ukishindiliwa unakuwa kama sakafu, na vile vitoto, ambavyo urefu wake haupiti kidole changu cha gumba, vinajichimbia njia kuja juu vikiwa pamoja. Vikikuta sakafu vinafia chini. Vikifanikiwa kutoka vinatumbukia kwenye mifuo ya tairi, ukuta huku na huku, vinatambaa kufuata mfuo badala ya kufuata bahari, na kukipambazuka kunguru wa Mombasa tunawajua.

Kuna mtu kaniuliza kwa nini tusifukue tuangalie kama yamepona. Hayafukuliwi. Yai la kasa likishatulia mchangani ukiligeuza unakiua kilichomo. Kwa hiyo tunakaa tu, tunasubiri, hatujui tunalinda mayai au tunalinda kaburi.

Sasa nije kwenye kisingizio ambacho nimekisikia mara nyingi mpaka masikio yanauma: "Maji yakijaa yatafuta alama, mchanga ni ule ule." Anayesema hivi ama hajakaa pwani ama anatufanya wajinga. Maji hufuta pale yanapofika. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda zaidi ya mita tatu, na kila mzaliwa wa hapa anajua kwamba bamvua maji hujaa alasiri kuelekea magharibi, saa ile ile watu wanapofurika ufuoni. Asubuhi saa nne na tano maji yamekupwa, uwanja ni mpana, mwenye kwodi anaweza kukimbia huko chini na kweli bahari ikamfutia. Lakini biashara yenyewe ni jioni. Jioni ya bamvua hakuna uwanja. Umebaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na kuta za mahoteli, na ukanda huo ndio mama na magoti yake, watoto wa mpira, wauza viazi karai na mabuyu, na wale wa kuogelea waliokaa kukauka. Mwenye kwodi akikosa nafasi anapanda juu zaidi, kwenye yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau. Juu huko ndiko kasa anakotaga, kwa sababu anajua maji hayafiki. Na kwa kuwa maji hayafiki, alama za tairi hazifutwi na mtu.

Yale majani nayo si magugu. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga. Yakikatwakatwa na tairi mchanga unabaki uchi, kusi likija na mawimbi yake makubwa linauzoa. Tazameni mivinje iliyo karibu na njia ya kushukia, mizizi imening'inia hewani. Bahari ina mkono wake hapo, sikatai, lakini pale majani yalipobaki ufuo umesimama, na pale kwodi zinapozungukia pamekuwa shimo. Nendeni mkatazame kwa macho yenu.

Inayoniuma zaidi ni kwamba tulikubaliana. Tulikaa chini ya mti, wenye kwodi, wenye ngamia, wenye maboti, sisi wakazi. Hatukusema mtu afunge kazi. Tulisema: maji yakijaa kwodi zipumzike. Yakikupwa zipite chini, kwenye mchanga mbichi, kati ya bendera mbili. Mtoto asiendeshe peke yake. Penye watu, mwendo wa mguu. Jua likitua, basi. Wakaitikia wote, tukasoma Fatiha tukaachana. Bendera zilikaa wiki mbili. Moja nimeiona imekuwa pazia la kibanda.

Na msinijie na "vijana wanatafuta riziki". Amu yangu amekula na bahari miaka yote, anapeleka watu kutazama matumbawe kwa boti. Wenye ngamia nao wanatafuta riziki, na ngamia anaongozwa kwa kamba na mtu yuko mbele yake anatembea. Sijawahi kuona ngamia amemwangusha bibi wa watu akaendelea na safari. Riziki ya mmoja isiwe goti la mamangu.

Wa usiku ni kundi jingine. Hao wanakuja na gari zao kubwa za kupanda milima, wengi si wakodishaji wala wageni, ni watu wa hapa hapa wenye pesa. Wanashuka ufuoni baada ya saa nne usiku, muziki juu, taa zote zinaelekea baharini, wanashindana nani atazama mchangani na nani atatoka. Kasa anayepanda kutaga akiona taa anageuka na mayai yake. Vitoto vikitoka usiku vinafuata mwanga, vikidhani ni bahari, na mwanga wenyewe ni wa gari lako. Halafu asubuhi tunakuta mafuta yamemwagika, na mashimo ambayo mzee mmoja anayekwenda kutoa juya aliingia mguu gizani akateguka.

Nimepeleka malalamiko. Ofisi ya kwanza wakanituma ya pili. Ya pili wakaniuliza namba ya usajili. Namba gani? Kwodi zenyewe hazina namba! Nikawapa rangi, nikawapa saa, nikawapa picha ya goti la mama. Afisa akaniambia nirudi nikiwa na namba. Hiyo ndiyo akili inayotuongoza: chombo kisichokuwa na namba hakishitakiwi kwa sababu hakina namba.

Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Wenye kwodi wanapenda sana kunitajia hilo: "Ni ya umma, hunikatazi." Ni ya umma kweli, na mamangu ni umma. Kasa naye analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na bahari iliyo mbele ya ufuo wetu imo katika hifadhi iliyotangazwa tangu 1986. Sheria hatukukosa. Tumekosa mtu wa kushuka mchangani saa kumi na moja jioni akiwa na viatu vya kazi.

Ninachotaka kwenu si pole. Anayekodisha namjua kwa sura na nitakwenda kwake kwa heshima, mara ya tatu. Lakini yule mwanamke alikuwa anachukua video, na video ya namna ile haikai kwenye simu, itakuwa imerushwa mahali. Kwodi ya manjano, kiti kimechanika upande wa kushoto, mwanamume kavaa fulana ya buluu. Ukiiona, iweke hapa chini. Afisa anataka ushahidi, tumpe.

Na ukiwa unaishi upande huu, kuanzia ufuo wa Pirates mpaka kwetu, tunahitaji watu wa zamu ya magharibi mpaka saa sita usiku. Sisi ni watatu na mmoja ana kazi ya usiku bandarini. Huhitaji kujua lolote kuhusu kasa. Unakaa karibu na kamba, ukisikia injini unasimama.

Vijiti tumevirudisha, safari hii ni vinene. Leo kiota kina siku 41. Kwa kawaida mayai huanguliwa karibu siku ya 60, mara nyingine pungufu, kwa hiyo tumebakiwa na wiki mbili au tatu, na bamvua moja katikati.