Kambi ya mlimani: mtoto kakosa pumzi, sisi tumeletewa ankara ya kufuli

Wakuu, nimekaa siku nne bila kuandika nikisema ngoja hasira zipoe. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Mtakaosema nalichafua kanisa, someni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Tulipeleka watoto 41, wa miaka tisa hadi kumi na nne, kambi ya kiangazi ya siku tano kwenye kituo cha mafungo cha Kikristo kilichoko mlimani. Jina sitaji, wao wenyewe wakisoma watajijua. Picha walizotutumia zilikuwa za kutoa machozi: ukumbi wa mbao, msalaba juu ya jabali, ukungu unapita chini ya miguu. Na mahali penyewe kweli ni pazuri, Mungu simnyimi sifa yake. Shida ni waliokabidhiwa kupatunza.

Tulifika jioni. Kabla hata ya kuonyeshwa vyoo vilipo, wakakusanya simu zote na dawa zote. Simu naelewa, mtoto akiwa na simu hata Musa akishuka na mbao za mawe hatamwona. Lakini dawa? Zikafungiwa kwenye kabati la ofisini, funguo kwa meneja. Tuna binti mmoja ana pumu, nikauliza inhela yake abaki nayo mwenyewe. Nikajibiwa, "Mtumishi, utaratibu ni utaratibu, ofisi iko wazi saa zote." Hilo neno "saa zote" mlishike, nitalirudia.

Kisha baridi. Kituo kiko mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita na nusu hivi, hilo ni somo la jiografia la darasani. Mtu akitoka pwani kwenye nyuzi 27, kule juu anakutana na 11 au 12, na hapo jua halijazama. Sasa orodha ya vitu vya kubeba waliyotuma ilisema Biblia, daftari, kalamu, mswaki, taulo, shuka. Sweta halimo. Soksi hazimo. Watu wanaoishi huko huko, wanaotembea na makoti mchana, wamesahau kutuambia tubebe sweta! Vitandani tukakuta blanketi moja moja, jembamba kiasi kwamba ukilinyoosha mbele ya taa unaiona taa. Nikaenda kuomba ya ziada, ndipo nikapewa ile sentensi kwa mara ya kwanza: "Mtumishi, hii ni kambi, si hoteli."

Tuliisikia tena choo kilipokosa maji. Tukaisikia chakula kilipokuja hakijaiva siku mbili mfululizo. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo kitu kigumu kinataka muda mrefu zaidi jikoni. Mpishi wa mlimani asiyejua hilo anapika mlima gani? Nilipogusia, mtu mmoja wa pale akanikumbusha kwamba wana wa Israeli nao walinung'unika jangwani. Nilinyamaza. Ningefungua mdomo ningetenda dhambi.

Usiku wa pili ndio ulionitoa usingizi mpaka leo. Utaratibu wao ni kwamba walezi walale nyumba ya viongozi, mbali na mabweni, watoto waachiwe wahudumu wa kituo. Bweni la wasichana lilikuwa na watoto 22 na mhudumu mmoja, binti ambaye kwa kumtazama na yeye alistahili kuwa mmoja wa wanakambi. American Camp Association, chama cha makambi cha Marekani, kiwango chake kwa watoto wa umri huo wanaolala kambini ni mtu mzima mmoja kwa watoto wanane. Sikuwa nadai mambo ya Marekani. Nilidai akili ya kawaida.

Basi mimi na mwenzangu tukakataa kulala, tukawa tunazunguka. Saa tano usiku naingia bweni la wavulana nihesabu vichwa, nakuta jiko la mkaa limewaka katikati ya chumba, madirisha yote yamefungwa, na nguo zimesokotwa chini ya mlango upepo usipite. Mhudumu aliyeliweka alifanya kwa huruma, sina shaka na moyo wake. Lakini mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala haamki, anazidi kuzama tu. Watoto 19! Nikalibeba lile jiko mwenyewe, vidole vikaungua, madirisha tukayafungua yote, watoto tukawatoa nje wamejikunyata huku wakilia baridi. Wawili walilalamika vichwa vinauma. Tulikaa nao macho mpaka kulipokucha.

Asubuhi namweleza meneja, unajua alisema nini? "Mbona vikundi vingine hulala nalo?"

Hapo ndipo tulitakiwa kuondoka. Kosa hilo ni letu na nimewaomba radhi wazazi. Basi lilikuwa limepangwa kurudi siku ya tano, tukajipa moyo.

Usiku wa tatu kukawa na ibada ya moto. Watoto hawajalala vizuri siku mbili, hawajashiba, wana baridi, wamekalishwa kuuzunguka moshi mpaka saa sita, spika zinaunguruma na jenereta linaunguruma kuzishinda spika. Mhubiri anawaambia wanaolia wasogee mbele kwa sababu Roho anawagusa. Jamani, mtoto wa miaka tisa aliyechoka hivyo hata ukimsomea orodha ya mahudhurio atalia. Wakahesabiwa, "roho 23 zimeokoka usiku huu," namba ikaandikwa kwenye daftari la kituo. Mimi naamini wokovu kuliko wengi wenu humu, na ndiyo maana nilikasirika.

Katikati ya hayo yule binti mwenye pumu akaanza kubanwa kifua. Moshi na hewa ya baridi, vyote viwili ni adui wa pumu, na alikuwa amevivuta kwa saa tatu. Nikakimbia ofisini. Kufuli. Meneja yuko wapi? Ameshuka mjini kwa shughuli zake, na funguo ameshuka nazo. Simu zetu nazo zimo kwenye kabati hilo hilo. Kituo hakina muuguzi, na sanduku la huduma ya kwanza tulilopewa lilikuwa na pamba, wembe na chupa ya dawa ya kidonda iliyokauka. Mtoto anavuta pumzi kwa sauti ya filimbi, mabega yanapanda juu, hawezi kumaliza sentensi. Mhudumu mmoja akasema tumzunguke tumwombee. Tuliomba, ndiyo, huku mwenzangu akiwa ameokota jiwe. Kufuli la mlango likavunjika kwa pigo la tatu, la kabati kwa pigo la kwanza. Binti akavuta inhela yake, akatulia polepole. Mbele ya macho yangu midomo ilirudi rangi yake.

Asubuhi meneja amerudi. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza nani kavunja mali ya Bwana. Siku ya kuondoka tukakabidhiwa ankara: makufuli mawili, pamoja na "usumbufu".

Wakijitetea wanasema mafungo ni kujikana, na sisi tumezoea raha. Hebu tuelewane. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, soma 1 Wafalme 19, malaika hakumpigia spika. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena, ndipo safari ya Horebu. Na alipofika, Bwana hakuwamo kwenye upepo wala tetemeko wala moto. Sijui kwenye jenereta. Ndugu zetu Wakatoliki wameendesha mafungo kwa karne nyingi; Ignatius wa Loyola, ambaye mwongozo wake wa mazoezi ya kiroho ulipitishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, ameandika wazi kwamba mazoezi yapimwe kulingana na umri na uwezo wa mtu, aliye dhaifu asipewe asichoweza kukibeba. Huyo alikuwa askari, hakuwa mtu wa kudekezwa. Kujikana ni kwa anayejikana mwenyewe. Ukimnyima mtoto wa mwenzio blanketi, aliyejikana hapo ni nani?

Kama una kikundi na unataka kupeleka mlimani, tangulia wewe ulale usiku mmoja. Usiende mchana kupiga picha. Uliza nani analala na watoto, gari la dharura linakaa wapi usiku, na dawa zinakaa kwa nani. Wakikujibu kwa mstari wa Biblia, geuza.

Jana wametuma ujumbe. Umeanza na "Bwana Yesu asifiwe sana", ukamalizia kwamba amana yetu hawairudishi mpaka makufuli yalipwe. Miwani ya mtoto mmoja na simu mbili bado ziko kabatini kwao pia.

Makufuli silipi.