Makaratasi ya kazi ya babu, msanifu wa bustani: yagawanywe au yabaki pamoja?

Mjukuu wa Chumbageni

Asalaam aleikum, waungwana. Babu yetu, aliyefariki mwaka jana hapa Tanga, alianza kusanifu bustani miaka ya 1960, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa haijapata hata jina lililozoeleka, na watu wakimwita bwana bustani. Ameacha sanduku la mninga na kabati la chuma. Ndani mna ramani alizozichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba zinazopenyeza mwanga, nakala za bluu za ramani hizo, barua za wateja, risiti za miche, na madaftari alimoandika kila mti alioupanda, kuanzia mivinje na mikungu ya upande wa Raskazone hadi milangilangi ya nyua za Ngamiani. Wajomba wanataka ramani nzuri zigawanywe zitundikwe ukutani, na hayo wanayoyaita makaratasi mengine yachomwe, kwa kuwa mchwa wameshaanza kuingia. Moyo wangu unakataa, lakini mbele ya wakubwa sina hoja. Karatasi za namna hii zina kazi gani mwenyewe akishaondoka, na nifanye nini kabla ya masika?

Mtunza Nyaraka Mstaafu

Poleni sana kwa msiba, mwanangu. Nianze na hayo makaratasi mengine, maana nayahofia kuliko ramani.

Chukua mfano wa msanifu wa bustani Beatrix Farrand. Alizaliwa New York mwaka 1872, na mwaka 1899 alikuwa mwanamke pekee kati ya waanzilishi 11 wa chama cha wasanifu wa mandhari cha Marekani. Uzeeni aliona kuwa bustani yake ya Reef Point, huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, haitapata wa kuitunza kama alivyotaka. Mwaka 1955 aliamua mwenyewe ivunjwe, na mimea mingi ikahamishiwa kwingine. Lakini karatasi hakukubali zitawanyike. Ramani, barua, maktaba yake na mimea iliyokaushwa vilikwenda pamoja Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na viko huko hadi leo. Kwa hiyo bustani haipo, na bado mtu anaweza kujua ilipandwaje.

Katika mzigo huohuo zilikuwamo karatasi za Mwingereza Gertrude Jekyll, ambazo Farrand alikuwa amezinunua. Mwaka 1908 Jekyll alisanifu bustani ya nyumba moja kijijini Upton Grey, Hampshire, na miaka ilivyopita bustani ile ikamezwa na magugu. Wenye nyumba walipotaka kuirudisha katika miaka ya 1980, ramani zake za upanzi zilikuwa California, ng'ambo ya bahari, zikionyesha mmea gani ulikaa wapi, nao wakapanda upya kwa kuzifuata. Lau ramani hizo zingegawanywa kwa warithi, moja sebuleni kwa huyu na nyingine kwa yule, nani angezikusanya? Waeleze wajomba hilo kwa heshima: kinachogawanywa leo hakikusanyiki tena.

Msanifu wa Raskazone

Nafanya kazi hiyohiyo aliyoifanya babu yako, nami naungana na mzee aliyetangulia, ila naongeza jambo moja la utendaji. Usipange chochote upya kabla hujaelewa yeye alipangaje. Frederick Law Olmsted, aliyesanifu Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux mwaka 1858, barua zake nyingi ziko Maktaba ya Bunge, Washington, ilhali ramani za ofisi yake ziko Brookline, Massachusetts, katika nyumba aliyoifanya makazi na ofisi tangu mwaka 1883. Kinachoziunganisha ni namba ya kazi, kwa kuwa kila mradi ulipewa namba yake na namba hiyo ikafuatana na ramani pamoja na barua zake. Mtafiti aliyeshika namba hupita kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kupotea. Tazama pembe za ramani za babu. Huenda naye alikuwa na utaratibu wake.

Risiti za miche nazo usizidharau. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na kuijaribu humo miti ya nchi nyingi. Ukikuta risiti au barua inayotaja miche iliyotoka Amani, utakuwa umeshika ushahidi wa jinsi mti fulani ulivyoshuka kutoka mlimani hadi ua wa nyumba ya mjini. Ramani peke yake haisemi hayo.

Bi Mkubwa wa Maktaba

Mwanangu, mchwa kwanza. Toa vyote nje ya sanduku, uviinue kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu, kwa sababu hewa yetu ya pwani haina huruma kwa karatasi. Ng'oa pini zenye kutu taratibu. Usitumie gundi wala utepe wa plastiki, na usikubali mtu akushauri kuzipiga laminesheni. Nakala za bluu hupauka kwenye mwanga, hivyo ukutani zisiende kabisa. Nakala zilizotolewa kwa mvuke wa amonia zitenge, maana huchafua karatasi zinazolala nazo. Zilaze bapa, na ukiandika namba iwe kwa penseli, nyuma ya karatasi.

Mjukuu wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na ahsanteni sana. Jana usiku nilifungua kabati tukiwa pamoja na mjomba mkubwa. Kila ramani ina namba kwa penseli nyekundu kwenye pembe ya chini, na namba zilezile zimo kwenye madaftari na juu ya bahasha za barua. Nilimsomea mjomba habari za Upton Grey. Akanyamaza kitambo, kisha akasema wajomba watatundika picha tutakazozipiga, na karatasi zenyewe zitabaki mahali pamoja hadi tutakapozungumza na watu wa Nyaraka za Taifa. Limebaki furushi moja lisilo na namba, la bustani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Je, nilipe namba yangu, au niliache kama alivyoliacha?

Mtunza Nyaraka Mstaafu

Liache, mwanangu. Andika kwenye karatasi ya pembeni ulilikuta wapi, kati ya namba ipi na ipi, na tarehe uliyolikuta.