Likizo ya mtu aliyeacha kazi katikati ya mwaka: nigawe kwa 30, 12 au 13?

KaraniMafinga
Wakuu, naomba msaada. Kiwanda cha kupasua mbao, Mafinga. Kijana wa mashine alianza Jumatatu 3/2/2025, ameacha Jumamosi 16/8/2025. Notisi aliandika na akaitumikia yote. Mshahara wa msingi 390,000, posho ya nyumba 60,000, kazi siku sita kwa wiki, likizo hajaenda hata siku moja. Bosi anataka nigawe 450,000 kwa 30. Mwenzangu ofisini anasema chukua 28, gawa kwa 12, zidisha miezi. Majibu hayakutani. Nimlipe ngapi ya Agosti na ngapi ya likizo?

MhasibuUyole
Anza na kiwango cha siku, ukikosea hapo yote yanaharibika. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (2004) linasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, halafu gawa kwa siku za kazi za wiki hiyo.

390,000 ÷ 4.333 = 90,007
90,007 ÷ 6 = 15,001

Posho haimo. Likizo hupigwa kwa mshahara wa msingi tu, kwa hiyo ile 450,000 ya bosi iweke kando. Nayo 30 inakupa 13,000, yaani unamkata kijana elfu mbili kila siku.

Agosti: tarehe 1 hadi 16, toa Jumapili mbili, zinabaki siku 14. Nane Nane iliangukia Ijumaa. Usiikate, huyu analipwa kwa mwezi. 14 × 15,001 = 210,014, na posho ya siku hizo juu yake kama mkataba unavyosema.

Likizo: kifungu cha 31 kinatoa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya. Wiki 28 × 6 = siku 168.

168 ÷ 13 × 15,001 = 193,859

Zote ziingie kwenye orodha ya mishahara ya Agosti ili kodi ikatwe humo humo. Usimpe ya likizo mkononi pembeni.

Mbarali_HR
Naongezea kuhusu hiyo 28. Ni siku 28 mfululizo, Jumapili zimo ndani. Toa Jumapili nne, unabaki na 24 za kazi. Sasa mwaka una 52 × 6 = 312, gawa kwa 13: ni 24 zile zile. Kanuni ya 13 haimpunji mtu.

Mwenzako anapata 28 ÷ 12 × 6.5 = siku 15.17. Akizizidisha kwa 15,001 ni 227,515, amelipa zaidi ya elfu thelathini na tatu, kwa sababu Jumapili amezilipa kwa bei ya siku ya kazi. Kichekesho ni kwamba akitumia 13,000 ya bosi anapata 197,167, karibu kabisa na jibu. Siku za kalenda ziende na kiwango cha kalenda, za kazi na cha kazi. Ukichanganya ndipo balaa.

KaraniMafinga
Asanteni sana. Na wachuma chai wa msimu, wanaolipwa kwa kilo? Kuna ndugu yangu Mufindi anaulizia.

MhasibuUyole
Kwa kawaida aliye chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, lakini wa msimu hawafungwi na hilo: msimu ukiisha wanalipwa kwa uwiano, siku moja kwa kila 13. Kwa kilo, chukua alichopata wiki 13 za mwisho, gawa kwa 13 upate wastani wa wiki, kisha kwa siku sita. Kama kafanya wiki 9 tu, gawa kwa 9. 13 hizi mbili zisikuchanganye: moja ni wiki za kutafuta wastani, nyingine ni siku za kuzaa likizo. Daftari la mizani litunzwe, bila hilo hakuna wastani wa kupiga.

Mbarali_HR
Na daftari la mahudhurio. Siku ambayo shamba limemrudisha nyumbani kwa mvua, andika. "Alizostahili kufanya" ndiyo hiyo.