Mrejesho: fundi rangi wa ndani, Raskazone

Wakuu, niliuliza nikimpa fundi rangi kazi ya ndani hapa Raskazone, Tanga, nitegemee nini. Kazi imeisha. Asanteni, hasa aliyesema nikague ukuta kwanza, rangi baadaye.

Muda mwingi haukwenda kwenye rangi kabisa. Fundi alikwangua mabaka ya chumvi (wa karibu na bahari mnayajua) kwa brashi kavu, maana ukiyaosha kwa maji mengi chumvi inazama tena kwenye plasta. Akatafuta unyevu unakotoka: bomba la bafuni lilikuwa linavuja. Likazibwa, ukuta ukaachwa ukauke. Ndipo ikaja putti (ya kusawazisha ukuta), msasa, praima (rangi ya msingi), halafu rangi koti mbili. Vumbi la msasa msiseme! Hata sahani za kabatini nimeziosha upya.

Tulipatana ufundi tu, vifaa nikanunua mwenyewe. Kwenye dari naona alinipiga bei, ila kona zimenyooka. Rangi iliyobaki kaniachia ndooni, namba ya rangi hiyo kaiandika kwenye kifuniko, nikitaka kuziba mikwaruzo. Jikoni tumepaka silki, rangi yenye mng'ao kidogo. Mafuta yakiruka unafuta kwa kitambaa chenye maji.