Naomba ushauri: masizi kwenye kidari cha meko

Assalam aleikum wenzangu. Nipo Lamu, Langoni. Mamangu huuza mahamri na mbaazi. Kila alfajiri awasha kuni na makumbi ya nazi huko juu kidarini, jiko letu la juu ya nyumba. Tulidhani kwa vile upepo wapita, moshi hauna neno. Juzi nikapanda kubadilisha balbu, nikagusa boriti: masizi mazito, yananata kama lami. Na kikohozi cha mamangu hakijaisha tangu Ramadhani. (Hospitali nampeleka wiki hii, hilo msinigombeze.)

Nimesoma kidogo. Chembe za masizi ni ndogo mno, zafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Masizi hayo hayo hufyonza joto la jua na kuipasha hewa, ila hukaa angani siku chache au wiki tu, si karne kama kaboni dayoksaidi. Ukipunguza leo, nafuu yaja upesi.

Shida ni bi mkubwa mwenyewe. Asema mbaazi za gesi hazina ladha, na mtungi ukiisha asubuhi ya sikukuu atauza nini? Hapo sina jibu.

Nawaza sufuria ya presha ya umeme kwa mbaazi, gesi kwa karai la mahamri. Kuna aliyejaribu? Tokeni za umeme zinakwenda vipi kwa mbaazi kilo mbili kila siku? Na akikataa kabisa kuacha kuni, dohani (bomba la kutolea moshi) yafaa chini ya paa la makuti, au nitaichoma nyumba?