"Abstain" kwenye muhtasari wa kikao: tuandikeje kwa Kiswahili?

MwaniTanga: Habari zenu wakuu. Niko Tanga, katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Mfadhili ametuletea muhtasari wa kikao chetu kwa Kiingereza, nami Jumamosi natakiwa kuwasomea wanachama kwa Kiswahili. Tulipopigia kura bei ya mnunuzi mpya pameandikwa "two members abstained". Mwenyekiti anasema maana yake hawakuwepo. Lakini bi mkubwa mmoja kati yao alikaa mkekani mwanzo mpaka mwisho, na kwetu asiyehudhuria hutozwa faini. Sitaki mama wa watu atozwe kwa neno ambalo hatujalielewa. Naombeni msaada.

Mwl_Makorora: Mwenyekiti kachanganya na "absent". Kwenye kura, anaye-abstain yumo kikaoni, ila hakubali wala hakatai. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio kuhusu Ukraine: nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zika-abstain, Tanzania ikiwemo. Ethiopia na Moroko hazimo kwenye hizo 35, kwa sababu hazikushiriki kura kabisa. Bi mkubwa yuko kundi la Tanzania. Faini haimhusu!

Pangani_kwetu: Nje ya kura neno hilo hufuatwa na "from". Daktari akiandika "abstain from alcohol", anataka ujizuie na pombe kabisa. "Avoid" haitaki "from", unasema tu "avoid salt", nayo ni kuepuka au kukwepa. Anaye-abstain anajinyima kwa hiari, kama aliyefunga Ramadhani na sahani ya vibibi iko mbele yake. Nomino nazo ni mbili: ya kura ni "abstention", ya pombe na mengineyo ni "abstinence".

Babu_Chumbageni: Na msiandike "walisusia", mwanangu, mtazua ugomvi. Kususia ni "boycott", neno lililotokana na Charles Boycott, wakala wa mashamba kule Ayalandi. Mwaka 1880 wenyeji walimtenga, hata wa kumvunia mazao akakosa.

MwaniTanga: Shikamoo babu, asanteni wote. Kwa bi mkubwa naandika "alihudhuria ila hakupigia kura upande wowote". Wa pili aliaga kabla ya kura, mtoto alikuwa na homa. Naye je?

Mwl_Makorora: Huyo haku-abstain. Andika alihudhuria, akaondoka kwa ruhusa kabla ya kura. Na mfadhili arekebishe nakala yake, iwe "one member abstained".

MwaniTanga: Nampigia sasa hivi.